Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Mkono wa Mtafiti Ndani ya Kipimo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na mafundi wanaoanza kazi katika maabara za baiolojia na za tabia. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu zangu wanafunzi, mafundi wa maabara, na ninyi walimu mlioketi kule nyuma, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Katika maabara yenu, ni kifaa gani ambacho hakijawahi kukaguliwa? Mizani ina cheti. Friji ina kipimajoto, na mlangoni pamebandikwa karatasi ya kuandika joto kila asubuhi. Pipeti, vile vifaa vya kuvutia na kumwagia vimiminika kwa kipimo, zina tarehe ya ukaguzi. Lakini kipo kifaa kimoja kinachogusa kila sampuli, kinachosoma kila tarakimu, kinachoamua mnyama yupi atolewe kizimbani na seli ipi ihesabiwe, nacho hakina cheti chochote. Kifaa hicho ni wewe.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Anayewamba ngozi huivuta upande wake hata bila kukusudia, kwa kuwa ndiko mikono yake iliko. Leo tuongee juu ya kuvuta huko. Sitazungumzia wadanganyifu, hao wana dawa yao. Namzungumzia mtu mwaminifu, mchapakazi, anayefuata maelekezo mstari kwa mstari, na bado jibu lake limepinda.

Twendeni Berlin, mwaka 1904. Mwalimu mstaafu wa hisabati, Wilhelm von Osten, ana farasi aitwaye Hans. Ukimuuliza Hans tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato chini mara saba, anaacha. Watu wanajaa uani kumtazama. Von Osten hakuwatoza kiingilio wala hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wote kwamba amemfundisha mnyama kuhesabu. Septemba mwaka ule tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf ilimchunguza farasi huyo, isione ujanja wowote.

Ndipo Oskar Pfungst, msaidizi wa Stumpf, alipouliza swali ambalo naomba mlishike: nani analijua jibu? Alipanga mtu mmoja amnong'oneze Hans namba moja, mwingine amnong'oneze namba ya pili, asiwepo hata mmoja mwenye kujua jumla yake. Hans akapiga kwato ovyo. Alipomzuia farasi asimwone muulizaji, vilevile hesabu ikapotea. Kumbe muulizaji akishauliza huinamisha kichwa kidogo kutazama kwato, na kwato likifika kwenye idadi sahihi, kichwa huinuka, kuinuka kudogo mno ambako mwenyewe hakujui. Hans alikuwa anasoma kichwa cha mtu.

Sasa sikilizeni sehemu inayosahaulika. Pfungst, yule yule aliyeigundua siri, alipojaribu kujizuia asitoe ishara, aliona ni vigumu. Alijua kila kitu, na mwili wake ukaendelea kumwambia farasi. Je, wewe unayesema "mimi niko makini, siwezi kupendelea" umemshinda Pfungst? Umakini si kinga. Uaminifu si kinga. Kinga ni kutojua.

Mtasema huyo ni farasi, sisi tuna mizingile na vipimamuda. Haya. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi 12. Kila mwanafunzi alipewa panya watano wa kufundisha kuchagua njia yenye rangi nyeusi zaidi kati ya njia mbili za mzingile. Nusu ya wanafunzi waliambiwa panya wao ni wa kizazi cha werevu, nusu wakaambiwa wao wamepata mabutu. Ukweli ni kwamba wote walikuwa panya wa kawaida, waliogawanywa tu. Matokeo? Panya "werevu" walijifunza vizuri zaidi. Nani alijua? Mwanafunzi alijua, au alidhani anajua, na hilo lilitosha. Anayetarajia panya mwerevu humshika taratibu zaidi. Humsubiri kidogo anaposita, na kipimamuda hukibonyeza akiwa na moyo wa kumwonea fahari.

Basi tunafanyaje ili mtafiti asijue? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoficha nusunusu.

Dawa na kimiminika cha ulinganisho, yaani kisicho na dawa, viandaliwe na mtu asiyehusika kabisa na upimaji. Vyombo vifanane: rangi ileile, ujazo uleule, joto lilelile. Usiandike "A" na "B" kwenye vyombo. Nasisitiza hili, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika mipango ya majaribio. Ukiwa na misimbo miwili tu, siku utakayoona mnyama mmoja wa "A" amelala usingizi mzito, umeshajua kundi zima. Kila mnyama apewe msimbo wake: 417, 082, 655. Hapo hata ukikisia mmoja, umekisia mmoja tu. Ufunguo wa misimbo uwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwa mtu wa tatu.

Halafu ziko dawa zinazojitangaza zenyewe. Nyingine hubadilisha rangi ya mkojo, nyingine humfanya mnyama asimamishe mkia au anyonyoke manyoya. Hapo bahasha haikusaidii. Rekodi tabia kwa kamera, kisha kazi ya kutoa alama za tabia mpe mtu ambaye hajawahi kuingia chumba cha wanyama, na umpe video zilizochanganywa mpangilio.

Kabla ya siku ya kwanza, andika ni mnyama gani ataondolewa kwenye hesabu. Aliyeanguka kutoka kwenye kifaa? Asiyesogea kwa sekunde 60? Aliyepungua uzito kwa asilimia 15? Andika, tia tarehe. Ukisubiri mpaka uone matokeo ndipo uamue, utaondoa wale wanaokuudhi. Si kwa uovu. Utakuwa na sababu nzuri kwa kila mmoja, na sababu zote zitaelekea upande mmoja.

Tuje kwenye kugawa makundi. Mtu anafungua kizimba chenye panya wadogo kumi. Anaingiza mkono, anamshika mmoja, kundi la dawa, anaingiza tena, wa pili, kundi la dawa, mpaka watano. Waliobaki, ulinganisho. Atakuambia amegawa kwa kubahatisha. Hebu niwaulize, nani hushikika kwanza? Mzito, mpole, mgonjwa, asiye na hofu. Anayebaki mwisho ni mwepesi aliyejibanza kwenye kona. Huyu mtafiti amejaza kundi la dawa wanyama wapole, kisha atatangaza kwamba dawa yake inapunguza hofu.

Kura ipigwe kwa namba, si kwa mkono. Wape wanyama wote alama masikioni au mkiani, andika orodha, kisha orodha hiyo ichanganywe na programu au kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Na kura ipigwe ndani ya kila kizimba: kizimba chenye wanne, wawili dawa, wawili ulinganisho. Ukikipa kizimba kizima dawa na kingine kizima maji, hujui tena kama ulichopima ni dawa au ni kizimba. Labda kimoja kilikuwa rafu ya juu karibu na taa. Labda kingine kina dume mmoja mkorofi anayewauma wenzake. Na ikibidi kila kizimba kipate kitu kimoja, kwa mfano dawa iliyomo kwenye maji ya kunywa, basi hesabu vizimba, usihesabu panya. Vizimba vinne vya panya watano ni vipimo vinne. Si ishirini.

Kura hiyohiyo inahitajika hata pasipo na mnyama. Trei ya kuoteshea seli yenye vishimo 96 ina vishimo 36 pembezoni na 60 katikati. Vya pembezoni hupoteza maji haraka ndani ya inkubeta, lile kabati la joto, chumvi inazidi, seli zinaumia. Wengi wetu tumezoea kuweka ulinganisho safu ya kwanza, kwa kuwa ndipo mkono unapoanzia. Safu ya kwanza yote ni pembezoni! Jaza vishimo vya pembeni maji tu, tumia 60 vya katikati, na uvipigie kura.

Mwingereza Ronald Fisher, baba wa upangaji wa majaribio, alieleza kura kwa vikombe vya chai. Bibi mmoja alidai anaweza kutambua kwa ladha kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. Vikombe vinane, vinne hivi na vinne vile, mpangilio kwa kura. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70, hivyo anayekisia tu ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia vyote. Lau angepewa vikombe sita, vitatu kwa vitatu, njia zingekuwa 20 tu. Mnaona? Idadi ya vipimo na kura huamuliwa pamoja, kabla birika halijachemka.

Sasa tuseme umeficha, umepiga kura, umeandika masharti. Je, mkono wako umetoka ndani ya jibu? Bado.

Mwaka 1999 John Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek walichapisha kazi iliyowanyima wengi usingizi. Maabara tatu, Albany na Portland nchini Marekani, na Edmonton nchini Kanada. Panya wadogo wa koo zilezile nane, yaani nasaba nane. Vipimo sita vya tabia, vifaa vya namna moja, umri mmoja, ratiba ya mwanga ileile, siku zilezile za kuanza. Walisawazisha kila walichoweza kukifikiria. Tofauti kubwa kati ya koo zilionekana kote. Lakini katika vipimo kadhaa, maabara yenyewe ilibadilisha jibu, na kwa jumla panya wa Edmonton walikuwa wachangamfu zaidi. Kule Edmonton mpimaji alikuwa na mzio mkali wa panya, akafanya kazi amevaa kipumulio. Kama hicho ndicho kilicholeta tofauti, hakuna awezaye kusema. Hakikuwemo kwenye orodha ya vitu vya kusawazisha, basi.

Kisha mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil, Chuo Kikuu cha McGill, lilionyesha kwamba panya wakiwa karibu na mpimaji mwanamume huonyesha maumivu kidogo kuliko wakiwa na mpimaji mwanamke. Hata fulana iliyovaliwa na mwanamume, ikiwekwa karibu, ilitosha. Harufu ya dume huwatia wanyama hao msongo, na msongo hupunguza maumivu kwa muda. Fikirieni: asubuhi kapima kaka, jioni kapima dada, na kundi la dawa lilipimwa asubuhi. Mmepima dawa au mmepima fulana?

Kwa hiyo daftari liandike nani alikuwa chumbani, si jina la mradi peke yake. Mpimaji mmoja apime makundi yote mawili, kwa kupokezana: dawa, maji, maji, dawa, kama kura ilivyosema. Wanyama waletwe chumba cha kupimia dakika 30 hadi 60 kabla, watulie. Mzingile ufutwe kati ya mnyama na mnyama, kwa kiasi kilekile cha alkoholi, na usubiriwe ukauke. Panya anayefuata hunusa hofu ya aliyetangulia, na akiingia sakafu ikiwa mbichi atanusa alkoholi. Na saa iandikwe. Panya ni viumbe vya usiku. Anayewapima saa nne asubuhi na anayewapima saa mbili usiku hawajapima mnyama yuleyule.

Hapa ndugu zangu wa seli huwa wanatabasamu. "Sisi hatuna panya, hatuna farasi. Seli haioni kichwa chako kikiinuka." Ni kweli, haioni. Basi swali lenu si nani alijua, swali lenu ni nani aligusa.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, seli za uvimbe wa Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuombwa ridhaa. Alifariki mwaka uleule. Seli zake, HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuota maabara bila kikomo, zikasambazwa kila mahali. Mwaka 1966 Stanley Gartler alisimama mbele ya wenzake mkutanoni akawaambia kwamba koo 18 za seli (ukoo ni seli zinazooteshwa kutoka chanzo kimoja), zilizodhaniwa zimetoka kwa watu na viungo mbalimbali, zote zina aina A ya kimeng'enya kiitwacho G6PD. Aina hiyo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, wakati nyingi ya koo hizo zilisemekana zimetoka kwa Wazungu. Lacks alikuwa Mmarekani mweusi. HeLa zilikuwa zimeingia chupani na kuwafukuza wenyeji. Watu walikuwa wameandika miaka mingi juu ya seli za utumbo na za ini, kumbe wanaangalia seli zilezile za shingo ya kizazi.

Seli moja ya HeLa inawezaje? Pigeni hesabu nami. HeLa hujigawa takriban kila saa 24. Tuseme ukoo wako hujigawa kila saa 48, na chupani una seli milioni moja. Kila siku mbili HeLa inajizidisha mara nne, wewe mara mbili. Kwa hiyo uwiano unaongezeka maradufu kila siku mbili. Ili moja iifikie milioni unahitaji maradufu 20. Siku 40. Kwa wiki sita, kwa tone moja lililoruka, chupa imebadilisha mmiliki, na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito halijabadilika.

Tone hilo huruka vipi? Pipeti ileile imechovywa chupa ya seli hizi, kisha chupa ya lishe ya seli inayotumiwa na wote. Chupa mbili zimefunguliwa pamoja ndani ya kabati la kufanyia kazi. Simu imeita, ukarudi ukafunga kizibo cha chupa nyingine. Dawa yake ni ya kuchosha, nami nawaomba mkubali kuchoka: ukoo mmoja kabatini kwa wakati mmoja, kila ukoo na chupa yake ya lishe, kufuta kwa alkoholi ya asilimia 70 kati ya ukoo na ukoo. (Ya 70, si ya 100. Maji yaliyomo ndiyo huisaidia kuharibu protini za vijidudu, na huifanya ichelewe kukauka.) Kila unapoyeyusha chupa mpya kutoka kwenye barafu, na tena kila baada ya miezi michache, peleka seli zikapimwe alama za DNA, ulinganishe na kumbukumbu za ukoo huo.

Na mikoplasma? Hao ni bakteria wasio na ukuta wa seli, hivyo penisilini haina pa kuwashika. Hupenya kichujio cha mikroni 0.22. Hawaifanyi lishe kuwa na rangi ya maziwa au kama ukungu, na kwa hadubini ya kawaida hamtawaona. Seli zinakuwa nzito kukua, matokeo yanayumba, na wewe unalaumu dawa. Hawaonekani kwa jicho, basi wapimwe kwa ratiba.

Juu ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, nitasema neno moja. Msiandike "mizunguko 3,000 kwa dakika". Kichwa chake kinachozunguka chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kwa mizunguko hiyo kinatoa takriban mara 1,006 ya mvutano wa dunia. Chenye sentimita 18, mara 1,811. Andikeni nguvu, ili mwenzenu mwenye mashine nyingine afike mnakofika.

Nimalizie na pipeti, kwa kuwa ndiyo mkono wenyewe. Mnadhani mnaijua. Kitufe chake kina vituo viwili: ukibonyeza mpaka kituo cha pili kabla ya kuvuta, umevuta kupita kiasi. Ukizamisha ncha sentimita nzima, unavuta zaidi na tone linaning'inia nje. Zamisha milimita 2 au 3. Ukiilaza pipeti unapovuta, ujazo unaongezeka, isimame wima. Ukiishika kiganjani asubuhi nzima, joto la mkono linatanua hewa iliyo ndani, ujazo unapungua. Itundike kila unapopumzika. Ncha mpya kavu hutoa pungufu mara ya kwanza, maana maji kidogo huvukia ndani yake. Vuta na mwaga mara tatu kabla ya kipimo cha kweli.

Makosa madogo? Haba na haba. Chukua mikrolita 105 badala ya 100, uzitie kwenye mikrolita 900, kisha urudie hivyo kutoka kwenye kila mchanganyiko mpya, hatua sita. Mwisho wa safari kiasi chako kimezidi kwa karibu asilimia 30, na hakuna hatua hata moja uliyoiona mbaya.

Mizani iko mezani pale nyuma. Maji yamekaa humu chumbani tangu jana ili joto lilingane. Kila mmoja wenu atapima mikrolita 100 mara kumi, na mwenzake ndiye atakayesoma mizani na kuandika, kimya, bila kumwonyesha. Kwa maji ya nyuzi 20, mizani ikionyesha karibu miligramu 99.7 mko sawa. Kwa pipeti ya ujazo huo, wastani usipishane na lengo kwa zaidi ya mikrolita 0.8. Mkishamaliza kumi, badilishaneni. Karibuni.